Warumi 13 na Matendo 5:29: amri ya mkubwa inakataliwa wapi, na inakataliwaje?

Mlezi_wa_Vijana aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naandaa somo la vijana la Jumapili tatu, kila kipindi saa moja na nusu. Wengi wao wameanza kazi: makarani wa halmashauri, wauguzi, mgambo, watunza stoo, wahasibu wa vyama vya ushirika. Warumi 13:1 inawaambia kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, halafu Petro kwenye Matendo 5:29 anasema "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu". Wapo walioishika ile ya kwanza mpaka wanasaini kila karatasi wanayosogezewa, kwa kuwa bosi ni mamlaka. Wapo walioishika ya pili mpaka afisa akija kuwaomba wapunguze spika usiku wanamjibu kwamba wao wanamtii Mungu.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Mpaka uko wapi hasa? Mtu akishaona kwamba hapa lazima akatae, anakataa kwa hatua zipi bila kuwa mkaidi? Na mchungaji au nabii anayesema "usimguse masihi wa Bwana", naye anaingia kwenye Warumi 13?

Naomba majibu ya kufundishia. Maneno ya jumla ninayo ya kutosha.

---

Mwalimu_wa_Neno alijibu:

Amina, mtumishi. Anza na Matendo, na sura ya 4 na ya 5 zisomwe zote kwa sauti. Mstari wa 5:29 ukinyofolewa peke yake unakuwa fimbo ya kila mwenye hasira na mkubwa wake.

Wape vijana karatasi wajibu maswali matatu: nani ameamuru, ameamuru nini hasa, na mitume walifanyaje kuhusu mambo mengine yote. Swali la kwanza huwashtua wengi. Aliyeamuru si Kaisari wala Pilato, ni Baraza la Wayahudi: kuhani mkuu, wakuu na wazee. Mstari tunaoupenda kuwatupia wanasiasa ulisemwa kwanza mbele ya viongozi wa dini. Kwa hiyo swali lako la tatu limeshaanza kujibiwa hapo.

Swali la pili: waliamriwa "wasiseme kabisa wala kufundisha kwa jina la Yesu" (4:18). Amri hiyo inagongana uso kwa uso na agizo walilopewa na Bwana mwenyewe katika 1:8. Hakuna kukisia wala "nimeona rohoni". Agizo lipo, na katazo lipo.

Kaa sana kwenye swali la tatu. Malaika aliwafungulia gereza usiku, na alfajiri hawakukimbilia Galilaya. Walirudi hekaluni, mahali ambapo wangeonekana na kila mtu. Akida alipokuja na watumishi walikwenda naye (5:26). Watumishi wale waliogopa kupigwa mawe na watu, na mitume hawakuitumia hofu hiyo kujiokoa. Walipoulizwa walijibu. Walipopigwa hawakurudisha (5:40). Kisha wakaendelea na lile moja walilokatazwa, kila siku, hekaluni na nyumbani mwao (5:42). Wamevunja amri moja, na katika mengine yote wamejiacha mikononi mwa Baraza.

Sasa njoo Warumi. Paulo aliandika karibu mwaka 57, Nero, yule Kaisari aliyekuja kuwatesa Wakristo, akiwa kwenye kiti tangu 54, kwa hiyo usikubali hoja kwamba sura ile inawahusu watawala wema tu. Biblia yetu inasema "aitii", lakini kitenzi cha Kigiriki pale ni hupotaso: kujiweka chini, kukaa kwenye nafasi yako katika mpangilio. Paulo alikuwa na kitenzi kingine, hupakuo, cha kusikiliza agizo na kulitenda, na ndicho anachowaambia watoto katika Waefeso 6:1. Tofauti hii usiikaze kupita kiasi, maana Tito 3:1 inaweka kunyenyekea na kutii pamoja kuhusu mamlaka hizo hizo. Ila inakuonyesha jambo la kweli: mtu anaweza kujiweka chini ya mamlaka na bado akakataa agizo moja lake, kisha asimame mbele ya mamlaka ile ile apokee hukumu. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwita Nebukadreza "mfalme", walikwenda alipowaita, walikataa kusujudu, na hawakupigana na wale waliowafunga kamba.

Shuka mpaka 13:4. Mtawala anaitwa "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Mtumishi ana bwana wake, na ana kazi aliyotumwa. Akikuamuru utende uovu amekwisha kutoka nje ya alichotumwa. Halafu 13:7 inagawa haki: mtu wa kodi, kodi, astahiliye hofu, hofu, astahiliye heshima, heshima. Petro anazitenganisha zaidi: "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme" (1 Petro 2:17). Hofu ya mwisho ni ya Mungu peke yake.

Wakristo wa kwanza wa Afrika walilielewa hivyo hivyo. Tarehe 17 Julai mwaka 180, Wakristo 12 kutoka mji wa Scilli walisimama Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mbele ya liwali Saturninus. Kumbukumbu za kesi yao zimebaki. Liwali aliwataka waape kwa Kaisari. Speratus anamwambia liwali kwamba hajaiba kitu, na kila anaponunua bidhaa analipa ushuru. Mwanamke aitwaye Donata anasema heshima ni kwa Kaisari kama Kaisari, bali hofu ni kwa Mungu. Wakapewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, wakauawa kwa upanga. Waone vijana wako kwamba stakabadhi za ushuru na kukataa kuapa kwa Kaisari vimekaa kwenye kinywa kimoja.

Kuhusu mpaka, mimi huuliza hivi: amri inanilazimisha mimi nitende dhambi, au niache jambo ambalo Mungu ameliagiza? Au inaniudhi, inanigharimu, inanishushia hadhi? Kodi kubwa inauma, lakini kulipa si dhambi. Mkubwa akitumia vibaya fedha ya kodi, dhambi ni yake. Akikuagiza wewe uandike hesabu ya kuificha, hapo imekuwa yako. Na amri ya kupunguza spika saa nne usiku haijakataza ibada hata kidogo. Kanisa lililoambiwa lipunguze sauti halijaambiwa liache kuomba, na jirani mwenye mtoto mchanga ni yule yule "jirani" wa Warumi 13:9. Anayemtaja Petro pale anamsingizia.

---

Mkaguzi_wa_ndani alijibu:

Nimependa hapo. Mimi nashika swali la pili, la hatua.

Danieli 1 ndiyo mwongozo bora wa kazini ulioko kwenye Biblia, na watu huipita haraka wakikimbilia tanuru na simba. Wapangie vijana safu mbili ubaoni. Alichokubali: jina jipya la Kibabeli, lugha ya Wakaldayo, elimu yao ya miaka mitatu, ajira ya mfalme aliyeuteka mji wake. Alichokataa: chakula na divai ya mfalme. Safu ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Asiyekuwa na safu ya kwanza, yaani anayebisha kila kitu, siku anapokataa jambo la kweli hakuna atakayemsikiliza.

Kisha tazama alivyokataa. Aliazimu moyoni kabla sahani haijafika (1:8). Akaomba ruhusa kwa mkuu wa matowashi. Mkuu akaogopa kichwa chake. Danieli hakumlaani, akashuka ngazi moja kwa msimamizi na kumpa jaribio lenye kipimo: siku 10, mtama na maji, halafu utazame nyuso zetu. Alifikiria na hatari ya yule anayemwomba.

Ilete kazini. Tuchukue mtunza stoo. Hati ya kupokelea inasema saruji mifuko 200, waliohesabu pale chini wamepata 140, na mkubwa anasema, "Saini, hiyo mingine inakuja." Usianze na Matendo 5:29, na usianze na neno "wizi". Anza na swali: "Mzee, hii 60 inaletwa lini? Nisaini 140 leo, hiyo 60 ikifika naijazia hati yake." Hapo umempa mlango wa kutokea kwa heshima, na mara nyingi jambo huishia hapo, maana aliyekuwa anajaribu tu anaona kwamba hapa hapapitiki.

Akishikilia, omba maelekezo yake kwa maandishi. Usiseme kwa jeuri. Sema "naomba uniandikie ili jalada likae sawa". Wanaotaka uovu hawapendi kalamu. Asipoandika, andika wewe dokezo fupi siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya hati, idadi iliyoandikwa, idadi iliyohesabiwa, nani walikuwepo kuhesabu, na sentensi moja kwamba umepokea 140 na umesaini 140. Acha vivumishi. "Mifuko 60 haijafika" inatosha. "Njama" ni kazi ya mchunguzi. Dokezo liingie kwenye jalada kwa njia ya kawaida, libaki na namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake jaladani.

Hapo bado kuna ngazi za juu: mkaguzi wa ndani, afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi), na kwa Tanzania TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Haijaandikwa kwa ajili ya anayerusha picha za jalada kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Kwa Kenya, Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kutumia sheria si upungufu wa imani. Paulo alidai haki ya uraia wa Rumi kule Filipi (Matendo 16:37), akaitumia tena kabla ya mijeledi (22:25), na mwisho akakata rufani kwa Kaisari (25:11), Kaisari yule yule Nero.

Yanayoharibika mara kwa mara ni haya. Mtu anasaini kwanza halafu analalamika. Sahihi yake ndiyo itakayosomwa na mahakama, malalamiko yake hayataonekana. Mwingine anapokea mgao "ili nisitiliwe shaka, nitautoa sadaka", na tayari amekuwa mshirika. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza kuleta ujira mchafu nyumbani mwa Bwana hata kwa nadhiri. Mwingine anabeba hati halisi kwenda nazo nyumbani, na kosa linahamia kwake. Na yupo anayekataa kwa kelele mbele ya watu, akimwaibisha mkubwa kiasi kwamba hata kama alikuwa tayari kurudi nyuma hawezi tena.

Jambo la mwisho, tena la lazima: gharama. Shadraka na wenzake walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakasema "bali kama si hivyo" (Danieli 3:18). Kijana afundishwe sehemu zote mbili. Anaweza kuhamishwa, kunyimwa likizo, hata kupoteza kazi. Akae na mwenzi wake wahesabu: kodi ya nyumba, ada, chakula, tuna akiba ya miezi mingapi? Mwenye mkopo wa mshahara unaokatwa mpaka mwisho wake ananyimwa uhuru na makato yake kabla bosi hajasema neno. Fundisha na hilo kama sehemu ya utii kwa Mungu.

---

Tumaini_halitahayarishi aliandika:

Niulize kwa niaba ya wengi. Mtu akisaini huku moyoni hajakubali, na hajala hata shilingi, Mungu si anaangalia moyo? Karatasi ni karatasi tu.

---

Msomaji_wa_Historia alijibu:

Ndugu, swali lako Kanisa lililipitia kwa machozi, na jibu lake lipo.

Mwaka 249 Decius alitwaa ufalme wa Rumi akaamuru watu wote wa dola watoe sadaka kwa miungu. Hakuwaambia Wakristo waache kumwamini Yesu. Alitaka tendo moja tu na karatasi. Unafika mbele ya kamati ya eneo lako, unamimina divai, unatoa sadaka, unaonja nyama, halafu maofisa wanakusainia cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana katika mchanga wa Misri, vya Juni na Julai mwaka 250. Maneno yake ni ya fomu, yanafanana karibu vyote: nimekuwa nikiwatolea miungu sadaka siku zote, na sasa mbele yenu nimemimina, nimetoa, nimeonja, naomba mthibitishe. Chini kuna sahihi.

Wakristo wengine walitoa sadaka kweli. Wengine walivukiza uvumba tu. Na wengine wakapata njia iliyoonekana ya busara: wakamlipa ofisa wakanunua cheti bila kugusa madhabahu. Moyo haujakubali, mkono haujatoa sadaka, ni karatasi tu. Ndicho unachouliza.

Sinodi ya Karthago ya mwaka 251, chini ya Askofu Sipriano, haikuwaweka wote kapu moja. Waliotoa sadaka waliwekwa kwenye toba ndefu, wapokelewe wakikaribia kufa. Wenye vyeti vya kununua walipokelewa mapema zaidi, kila mmoja baada ya shauri lake kuchunguzwa. Ila nao walihesabiwa miongoni mwa walioanguka. Sababu yake ni rahisi ukikishika cheti mkononi: kinasema "nimetoa sadaka", kwa nafsi ya kwanza, na jina lako liko juu yake. Moyo wako hausomeki na jirani, cheti kinasomeka. Kinamwambia ofisa kwamba kanisa limekubali, na kinamwambia muumini dhaifu kwamba hata fulani amesaini.

Hati ya mifuko 200 ni vivyo hivyo. Inasema "nimepokea". Hakuna mstari wa kuandika kwamba moyoni hukupokea.

Kwa Afrika Mashariki tunao mfano wa Buganda, na uutumie kwa makini, maana watu huusimulia kana kwamba vijana wale walimwasi kabaka. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa wa nyumba ya Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda. Alimkemea kabaka uso kwa uso kwa kuuawa Askofu James Hannington, aliyeuawa Oktoba 1885, na aliwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa machafu ya kabaka. Naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Charles Lwanga akashika nafasi ya kuwalinda vijana wale, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa Namugongo. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kama mashahidi wa miaka ile. Walikuwa watumishi hodari wa kabaka mpaka siku ya mwisho. Walikataa kuitoa miili yao kwa uchafu, na walikataa kumkana Kristo. Hakuna aliyeinua mkuki.

Na ukifika kwenye suala la kanisa kusema na serikali, wape Malawi. Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, barua ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa kwenye parokia zote siku moja, wakati ambapo kumkosoa Rais Banda kulikuwa hatari kubwa. Maaskofu wote walisaini pamoja, wakataja mambo kwa majina yake: shule, hospitali, mishahara, woga wa kusema. Serikali ilikosa mtu mmoja wa kumtenga. Maaskofu waliitwa polisi wakahojiwa, walikwenda. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na mfumo wa chama kimoja ukaangushwa. Barua ile haikumtukana mtu.

---

Mama_Mchungaji alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Nachukua la tatu, na nalichukua kwa uzito, kwa sababu hapa watu wamekufa. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na ndani yake walikuwamo watoto wengi. Wengi walifunga hadi kufa kwa kumfuata mhubiri wao, wakiamini wanamtii Mungu. Kumtii Mungu kuliko wanadamu, mwanadamu huyo akiwa amekaa kwenye kiti cha Mungu, hugeuka kuwa utumwa mbaya kuliko wa Kaisari, maana Kaisari hakudai ndoto zako.

"Usimguse masihi wa Bwana" imetoka 1 Samweli 24 na Zaburi 105:15. Fungua uisome. Daudi yuko pangoni, Sauli ameingia, wenzake wanamwambia amuue. Kumgusa pale ni kumwua. Daudi akakata pindo la vazi tu, moyo ukamchoma. Lakini baadaye alitoka pangoni akamwambia Sauli kwa sauti, mbele ya jeshi lake, kwamba anamwonea, akamwita Bwana awe mwamuzi kati yao. Tena hakurudi kukaa naye nyumbani. Kwa hiyo kumheshimu mpakwa mafuta kunakwenda pamoja na kumwambia kosa lake, na kunakwenda pamoja na kukaa mbali na mkuki wake. Nathani alimkemea Daudi. Paulo alimpinga Kefa, yaani Petro, mbele ya wote kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14). Kama Petro aliambiwa, nani asiyeambiwa?

Waebrania 13:17 ipo, "Watiini wenye kuwaongoza", na mimi naifundisha. Lakini soma sababu yake: wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Kiongozi asiyekubali kuhesabiwa, asiyesoma mapato na matumizi mbele ya baraza la wazee, ameshatupa nusu ya mstari anaoudai.

Vijana wawe na dalili za kushika. Nabii anakutenga na wazazi wako au mwenzi wako. Anakataza dawa, hospitali au shule ya watoto. Anataka hati ya shamba, namba ya siri ya benki, au kukutana nawe faragha usiku. Anasema neno alilopewa halipimwi. Hili la mwisho ni kubwa kuliko yote, maana watu wa Beroya walimpima hata Paulo wakasifiwa (Matendo 17:11), na tumeambiwa jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:21).

Hatua ni za Mathayo 18:15-17: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Kwa mzee wa kanisa, 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu. Ila kuna jambo nalisema kwa nguvu. Mtoto akidhulumiwa, mtu akibakwa, mgonjwa akinyimwa dawa, hiyo si Mathayo 18 ya kukaa vikao. Ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo, na Warumi 13:4 ndiyo inayokutuma: upanga ule wa mtawala Mungu aliuweka kwa ajili ya siku kama hiyo. Kanisa linaloficha uhalifu likisema "tunamtii Mungu, mambo ya ndani tunamaliza ndani" limeasi yote mawili kwa pamoja, Mungu na mamlaka.

---

Mlezi_wa_Vijana aliandika tena:

Mungu awabariki sana, nimepata zaidi ya Jumapili tatu. Nimepanga hivi: kipindi cha kwanza Matendo 4 na 5 pamoja na Warumi 13, cha pili Danieli 1 na safu zake mbili, na saruji ya stoo kama mazoezi, cha tatu vyeti vya Decius na hili la manabii.

Limebaki moja. Nikifundisha hivi, najua darasani watakuwamo waliokwisha kusaini. Nawaambia nini ili wasiondoke wamekata tamaa, wala wasidhani ni jambo dogo?

---

Msomaji_wa_Historia alijibu:

Karthago kulikuwa na hatari pande mbili, na utaziona darasani kwako. Kundi moja lilitaka walioanguka warudishwe mara moja, bila toba, kwa barua za wakiri, yaani waumini waliomkiri Kristo wakateswa gerezani. Kundi jingine, la Novatiano kule Rumi, lilisema mlango umefungwa milele kwa walioanguka. Sipriano na sinodi walikataa yote mawili: mlango upo, na una kizingiti. Shauri la kila mmoja lisikilizwe peke yake, alisaini nini, kwa tishio gani, mara ngapi, nani alianguka kwa kumfuata yeye. Kwa hiyo usiwaite mbele ya darasa. Weka saa ya kuonana na mmoja mmoja.

---

Mkaguzi_wa_ndani alijibu:

Na ukishakaa naye, karatasi iliyosema uongo isahihishwe kwa karatasi. Kama hesabu bado iko wazi na mwaka wa fedha haujafungwa, aandike dokezo la masahihisho lenye namba ya hati ile: tarehe fulani nilisaini kupokea 200, idadi halisi ilikuwa 140, naomba leja irekebishwe. Asimtaje mtu mwingine kwa kukisia. Kama alipokea fedha, irudishwe kwa mwenye mali na ipatiwe stakabadhi, isipelekwe kapuni kanisani. Zakayo alisimama akataja kiwango, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu (Luka 19:8), na wokovu ukafika nyumba ile siku ile ile.

Kama jambo limeshakuwa la jinai, aonane na wakili kabla hajaandika chochote, na wewe mlezi umsindikize. Akienda peke yake atarudia mlangoni.